Kuisoma Harambe Kutoka Malangali

Harambe ni mji wa pwani wenye ngome ya zamani, soko, stesheni ya treni na kuta za chokaa iliyobanduka. Mabango yake yana Kiswahili. Kwenye eneo la ngome pameandikwa Uhuru na mwaka 1961. Huwezi kuukuta kwenye ramani ya Tanzania wala ya Kenya, kwa sababu uko Florida, Marekani, ndani ya bustani ya burudani iitwayo Disney's Animal Kingdom, iliyofunguliwa tarehe 22 Aprili 1998. Ile chokaa haikubanduliwa na mvua za masika. Ilibanduliwa na mafundi waliolipwa kwa kazi hiyo.

Naomba tuusome mji huu kama tunavyosoma riwaya. Una mandhari, una historia ya kubuni, una msimulizi (dereva wa gari la kutazamia wanyama), na una lugha, tena lugha yetu. Kwenye semina za uzamili tunabishana siku nzima kuhusu vina na mizani, nani aliyevunja kanuni na nani aliyezilinda. Wakati huohuo kuna maandishi ya Kiswahili yanayopitiwa na mamilioni ya watu kila mwaka, yamebandikwa ukutani huko Florida, na sisi hatujayapa hata wiki moja ya muhula.

Sijafika huko. Lakini Wamarekani wana desturi moja inayomfaa sana mhakiki asiye na nauli: hurekodi matembezi yao kutoka getini hadi getini, kimya kimya, saa nzima au zaidi, kisha huyaweka YouTube. Likizo hii nimeyatazama nikiwa nyumbani, Malangali, hapa Sumbawanga, kwa bando la usiku. Kila bango lilipopita nilisimamisha video, nikavuta picha karibu, nikasoma. Nathubutu kusema nafasi hiyo ni bora kuliko ya mgeni aliyelipa kiingilio. Yeye ana watoto wanaolia, ana jua la utosini, ana foleni. Hasomi. Na hata angetaka kusoma, asingeelewa.

Kwanza tuulize mji huu umefikaje Florida.

Walt Disney alifungua bustani yake ya kwanza, Disneyland, tarehe 17 Julai 1955, huko Anaheim, California. Humo kulikuwa na mto wa kuchimbwa na boti za kupeleka watu kwenye pori la kuigiza, Jungle Cruise. Inasimuliwa kwamba mwenyewe alitaka wanyama wa kweli, akaambiwa na wajuzi kwamba wanyama wa kweli watakuwa wamelala au wamejificha muda ambao wageni wamelipia. Basi akaweka wa mashine, ambao hawalali. Baadaye ukingoni mwa mto huo wakatokea na watu, wa mashine vilevile, walioundwa kama washenzi wawinda vichwa vya wenzao. Ilipofika 2021 ndipo kampuni ikatangaza kuzibadilisha sehemu hizo. Miaka sitini na kitu, yaani wajukuu wa wale watoto wa kwanza nao walishapelekwa kutazama.

Ya pili ndiyo kubwa: Walt Disney World, karibu na Orlando, zaidi ya ekari 25,000. Ardhi yake ilinunuliwa katikati ya miaka ya 1960 kimyakimya, kupitia kampuni zenye majina mengine, ili wenye mashamba wasijue mnunuzi ni nani wakapandisha bei. (Msomaji aliyewahi kuona eka za ukoo zikinunuliwa na mtu anayesema ananunua kwa ajili ya shemeji yake hatashangaa.) Walt alifariki Desemba 1966, kabla ya kufunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971. Mwaka 1982 ikaongezwa EPCOT, yenye mabanda ya mataifa yaliyozunguka ziwa: Japani, Moroko baadaye kidogo, Italia, Meksiko na wengineo. Lilitangazwa pia banda la Afrika ya Ikweta. Halikujengwa. Mahali pale pakawekwa kituo kidogo cha kununulia vinywaji, na kipo mpaka leo. Kwa hiyo Animal Kingdom ilipofunguliwa 1998, Afrika ilikuwa imengoja nje ya mlango miaka kumi na sita. Na ilipoingia, iliingia pamoja na wanyama.

Hapo ndipo anapotokea msanii mwenyewe, Joe Rohde, mbunifu aliyeongoza kazi hiyo na ambaye amestaafu mwaka 2021. Nikimhukumu kwa kazi yake, ni msanii makini. Yeye na wenzake walisafiri Afrika Mashariki, wakatazama, wakapiga picha, na mji wao umeazima mengi kutoka Lamu na Zanzibar. Ingekuwa rahisi kwao kujenga vibanda vya nyasi na ngoma, wakamaliza. Wao walijenga mji. Una nyaya za umeme zinazoning'inia, matangazo yaliyobandikwa juu ya matangazo, baiskeli iliyoegemezwa ukutani, chuma kilichoshika kutu, saruji yenye nyufa. Wana hata reli ya kubuni, Eastern Star, na treni ya kweli inayoondoka stesheni ya Harambe. Sisi Sumbawanga hatuna reli. Mwenye kuitaka treni aende Mpanda au Tunduma. Mji usiokuwepo umetutangulia.

Ukitoka kwenye yale mashetani ya mtoni kuja hapa, ni hatua ndefu, na mhakiki anayeipita bila kuitaja hatendi haki. Harambe inakubali kwamba Mwafrika ana mji, ana biashara, ana ukoloni aliouondoa na tarehe aliyouondoa.

Sasa tuitazame hiyo tarehe. 1961 ni mwaka wa Tanganyika. Lamu ni Kenya, na Kenya ilipata uhuru 1963. Zanzibar ni Desemba 1963 na Mapinduzi Januari 1964. Jina la mji ni la Kenya pia, ule wito wa harambee ulioenezwa na Jomo Kenyatta, ila wameandika e moja mwishoni badala ya mbili. Mapaa ya nyasi hayakuezekwa na watu wa makuti wa Pwani. Waliletwa mafundi wa Kizulu kutoka Afrika Kusini. Kwa hiyo tuna mji wenye sura ya Lamu, mwaka wa Dar es Salaam, jina la Nairobi lililokatwa mkia, na paa la Natal. Mtu anaweza kusema ni mji wa kubuni, acha wachanganye. Nakubali. Waandishi wetu wenyewe wamebuni nchi zisizokuwepo ili waseme ukweli kuhusu zilizopo. Lakini mchanganyo wa mwandishi huwa na sababu, unataka tugundue kitu. Mchanganyo wa Harambe una sababu moja tu, kwamba anayetazama hana njia ya kugundua.

Nilimpelekea simu kaka mmoja anayechora mabango Katandala. Ni mtu wa brashi, wa kabla ya mabango ya kuprinti kumaliza soko lake, na nilitaka jicho la fundi. Alitazama dakika kama kumi bila kusema, mkono mmoja umeshika simu, mwingine bado una rangi.

"Huyu ni fundi," akasema. "Angalia chini ya ukuta. Tope limerukia mpaka magotini. Mtu asiyeijua mvua hawezi kuchora hivyo."

Nikamwonyesha tangazo la vinyago na shanga lenye jina la Jorodi. Nikamweleza kwamba ni utani wa mbunifu: Joe Rohde amelitamka jina lake kwa ulimi wa Kibantu, akalibandika ukutani kama saini ya mchoraji.

"Sawa. Sasa hili linauza nini?"

"Haliuzi kitu, kaka. Ni la kuonekana tu."

"Basi hilo si bango, mdogo wangu. Hilo ni pazia."

Akanirudishia simu akaendelea na kazi. Alikuwa anaandika bei za vifaranga.

Neno lake lilinifungulia njia ya kuusoma mji mzima. Chukua majina yanayouza kweli kwenye eneo hilo na kwenye hoteli yake, Animal Kingdom Lodge, iliyofunguliwa 2001. Mgahawa mmoja unaitwa Jiko – The Cooking Place. Mwingine unaitwa Boma – Flavors of Africa. Kiswahili kinatangulia, Kiingereza kinafuata kufanya kazi. Kiswahili kinatoa harufu, Kiingereza kinaonyesha njia ya kwenda kwenye chakula. Palipo na onyo, bei, masharti ya usalama, au choo, Kiingereza ndicho kinachoshika usukani, kwa sababu hapo mtu akikosea kuelewa kuna hasara. Hivyo unaweza kupima uzito wa lugha mahali popote kwa kuuliza swali moja: nini kitaharibika kama hakuna atakayeielewa? Kiswahili cha Harambe kikifutwa chote leo usiku na kuandikwa herufi nyingine zozote zenye sauti ya kigeni, kesho asubuhi hakuna mgeni atakayepotea.

Lakini kabla hatujakasirika, tutembee Sumbawanga. Kutoka Malangali kwenda Mazwi hadi sokoni, saluni zina majina ya Kiingereza, maduka ya nguo yana majina ya Kiingereza, shule binafsi zina kaulimbiu za Kiingereza ambazo baadhi ya wazazi wanaolipa ada hawawezi kuzitafsiri. Kisha soma maandishi madogo: HATUKOPESHI. USIKOJOE HAPA, FAINI 50,000. Pale penye pesa, mkojo na ugomvi, tunarudi kwenye Kiswahili. Huku kwetu Kiingereza ndicho pazia. Florida wamegeuza tu nguo nje ndani.

Na Kifipa? Kifipa hakimo kwenye bango lolote nililoliona, si kwa pambo wala kwa kazi. Lugha ambayo bibi yangu anaitumia kuomba, kukemea na kuhesabu mbuzi haijafikia hata hadhi ya kutumiwa vibaya.

Kuna andiko moja nililolitafuta Harambe kwa makusudi, usiku baada ya usiku, kwenye kuta zote zilizopita mbele ya kamera: NYUMBA HII HAIUZWI. Msomaji wa Tanzania analijua. Limeandikwa kwa rangi nyekundu, herufi hazilingani, mara nyingi na aliyeandika alikuwa na hasira. Nyuma ya maneno hayo matatu kuna marehemu asiyeacha wosia, kaka mkubwa mwenye madeni, dalali, mke wa pili, na kesi kwenye baraza la kata. Ni hadithi fupi kamili. Sikuliona. Hawakulisahau kwa bahati mbaya, kwa maana watu walioona mpaka tope la magotini wangeliona na hilo. Nadhani halikuwafaa kwa sababu ili nyumba isiuzwe lazima awepo mtu anayeishi ndani yake.

Katika saa zote nilizotazama, sikuona pia mtu wa Harambe akimuuzia kitu mtu wa Harambe. Kila mkono unaotoa kitu unamtolea mgeni. Soko lililoongezwa mwaka 2015, Harambe Market, lina vibanda vyenye majina kama Kitamu Grill na Wanjohi Refreshments, lakini Wanjohi haendi kula kwa Kitamu. Historia ya kubuni ya mji inasema uliishi kwa biashara ya bahari, ukapata uhuru, kisha ukategemea watalii wanaokuja kuona hifadhi. Hapo ndipo ninapoachana na Rohde. Amewapa Waafrika wake jana yenye maelezo mengi, tena nzuri. Lakini kesho amewapa moja tu: kuwaonyesha wageni wanyama. Uhuru ulikuja ili tuwe wapokezi.

Wanyama wenyewe wako kwenye Kilimanjaro Safaris, ekari kama 110. Mlima hakuna. Mibuyu ni ya saruji, vichuguu ni vya saruji, na mitaro iliyofichwa inawatenga simba na swala ili picha ionekane kama hakuna kinachowatenga. Safari nzima haizidi sana dakika 20. Kwa Kiswahili, kwenda Mpanda kuhani msiba ni safari. Kupeleka mgonjwa Mbeya ni safari. Neno hilo tulilitoa likiwa na miguu, likarudi likiwa na kofia ya khaki. Basi la Sumbawanga kwenda Mpanda linapita katikati ya Hifadhi ya Katavi, na kuna siku abiria huona twiga au viboko dirishani huku wakigombea kuchaji simu. Hakuna anayeiita hiyo safari kwa sababu ya twiga. Ni safari kwa sababu kuna mtu unaenda kumwona.

Sehemu ya Kilimanjaro Safaris iliyonigusa zaidi haipo tena. Ilipofunguliwa, safari hiyo ilikuwa na kisa: njiani redio ya gari ilitangaza kwamba majangili wamemvamia tembo jike, Big Red, na mtoto wake Little Red hajulikani alipo. Gari likaacha njia, likawafukuza majangili, na mwisho Little Red akaonekana salama. Kwenye maonyesho ya majaribio kulikuwa na mzoga wa Big Red, wa kuundwa. Wageni waliuchukia, ukaondolewa kabla ya ufunguzi rasmi. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 na kisa chenyewe kikaondolewa, ili safari iwe ya kutazama wanyama tu, bila kuharibu siku ya mtu.

Miaka hiyohiyo, kwa makadirio ya sensa, tembo wa Tanzania walipungua kutoka 109,000 hivi mwaka 2009 hadi 43,000 hivi mwaka 2014. Sisemi Florida ilikuwa na jukumu la kutuombolezea. Nasema kama mhakiki: mara moja tu Harambe ilithubutu kuweka hasara ndani ya hadithi yake, watazamaji wakakataa kuitazama, na msanii akakubali. Wasimulizi wote tunajua kishawishi hicho. Lakini baada ya kukubali mara moja, kinachobaki ni mandhari.

Hoteli ni habari nyingine, na nitaipita haraka. Ina mkusanyiko wa kweli wa sanaa za Afrika, pamoja na kinyago kikubwa cha Ijele cha Waigbo, na wanaoutazama kwa makini hawawezi kutoka bila kujifunza. Jengo lake moja linaitwa Jambo House. Neno Boma lilinichekesha. Kwetu Sumbawanga, Boma ni serikali. Ni mahali ulipoitwa, ukaenda umevaa shati safi, ukangoja kwenye benchi. Huko ni mahali pa kujipakulia chakula mpaka ushibe.

Kinachonivuta pale ni wafanyakazi. Kwa miaka mingi vijana kutoka nchi kadhaa za Afrika wameajiriwa kwa mikataba kuwa wawakilishi wa utamaduni: wanaeleza wanyama, wanasimulia hadithi jioni penye moto, wanajibu maswali ya watoto. Na kama wafanyakazi wote wa Disney, wanavaa beji yenye jina lao na chini yake mji walikotoka. Hayo ndiyo maandishi pekee ya kweli katika Harambe yote. Beji ikisema Gaborone, kuna Gaborone, kuna mama yake Gaborone anayengoja pesa, kuna nyumba isiyouzwa.

Tunapenda kulalamika kuhusu haya, na tuna haki. Disney iliomba kusajili maneno hakuna matata kama alama ya biashara kwenye nguo mwaka 1994, mwaka ilipotoka filamu ya The Lion King, na usajili ukakamilika 2003. Mwishoni mwa 2018 kukawa na kampeni ya mtandaoni ya kupinga, watu wengi wakatia saini. Nilitia na mimi. Lakini tujiulize nani kwetu anasema hakuna matata. Tunasema hamna shida, hakuna noma, usijali. Them Mushrooms wa Mombasa waliyatia maneno hayo kwenye wimbo wao wa Jambo Bwana mwaka 1982, na wimbo wenyewe ulikuwa wa hoteli, wa kumwimbia mgeni. Kabla Disney hawajafika, tayari tulikuwa na Kiswahili cha pembeni tulichokishona kwa ajili ya watu wasiokijua. Nenda leo Arusha au Zanzibar, tazama fulana. Tumekuwa tukijenga Harambe yetu wenyewe taratibu, kibanda kwa kibanda, bila mbunifu mwenye jicho la tope.

Na kuna moja ambayo haikujengwa kwa ajili ya wazungu hata kidogo.

Bustani za namna hii zina kanuni moja. Unachukua mahali penye mambo mia, unachagua jambo moja, kisha kila kitu, mpaka pipa la taka, kinavalishwa jambo hilo. Watanzania wameifanyia Sumbawanga hivyo kwa muda mrefu, na jambo walilolichagua ni uchawi. Siku yangu ya kwanza chuoni Dar es Salaam tuliambiwa tujitambulishe, jina na unakotoka. Nikasema Sumbawanga. Jamaa aliyekaa karibu alisogeza kiti. Darasa likacheka. Baada ya hapo, mtu akifeli mtihani naulizwa mimi. Mvua ikinyesha na radi ikipiga, naambiwa nipige simu nyumbani wapunguze. Mtu mwingine akapata homa, akaja kuniomba msamaha, kwa utani, lakini akaja. Wachekeshaji wanaishi kwa jina la mji wetu. Na jina lenyewe, kwa Kifipa, ni agizo la kutupa uchawi: mgeni aliambiwa auache nje kabla ya kuingia. Bango lililosema acha uchawi hapa limesomwa kuwa uchawi uko hapa. Hata Harambe hawajafika huko kwa kusoma vibaya.

Pazia hilo lina gharama. Mkoa huu umeona watu wenye ualbino wakikatwa viungo na watu walioamini viungo hivyo vina utajiri. Umeona wazee wakihofiwa kwa sababu macho yao ni mekundu baada ya miaka hamsini ya moshi wa kuni. Hayo ni mambo ya polisi, mahakama, majiko na hospitali. Mahali pakishafanywa kuwa kichekesho cha uchawi, mauaji nayo yanaanza kusikika kama sehemu ya onyesho. "Si unajua Sumbawanga tena," watu husema, wanageuza ukurasa.

Huku mambo mengine tisini na tisa yakikaa bila bango. Mahindi, ambayo malori yake yanalisha mikoa mingine. Maporomoko ya Kalambo, zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja, mpakani na Zambia, mahali ambapo watafiti walitangaza mwaka 2023 kwamba wamekuta magogo yaliyochongwa na kuunganishwa na binadamu wa kale, miaka 476,000 iliyopita. Na malungu. Ilungu ni tanuri la udongo la kuyeyushia mawe ya chuma, refu kuliko mtu, lililovuta hewa lenyewe bila mivukuto, na Wafipa walilitumia vizazi na vizazi mpaka chuma cha madukani kilipolizima katika karne ya ishirini. Profesa Bertram Mapunda ameandika kitabu kizima, kilichotoka 2010, kuhusu uhunzi huo wa Wafipa. Yapo malungu yaliyosimama mpaka leo mashambani huku Ufipa. Mvua inayakata juu, nyasi zinayapanda, na mtoto anayechunga ng'ombe akipita karibu anadhani ni kichuguu. Florida wanalipa mafundi kutengeneza vichuguu kwa saruji. Sisi tuna viwanda vya chuma tunavyoviacha viwe vichuguu.

Sitaki Ufipa ijengewe Harambe, yenye ilungu la saruji getini na vijana wa Malangali wamevalishwa ngozi wakisema jambo. Nikiambiwa nichague nitachukua kichuguu. Ningependa tu, kabla ya kuja mtu wa kutuchagulia jambo moja lingine, bango dogo la brashi kwenye lile tanuri, Kifipa juu, Kiswahili chini, lenye kazi ya kufanya: hapa palifuliwa chuma, usichimbe udongo huu kujengea. Nilimuuliza yule kaka wa Katandala angelichora kwa bei gani. Akauliza nani analipa. Bado tunazungumza.

Nimerudia mara nyingi zile video za hoteli, nikisimamisha kwenye vifua vya wafanyakazi. Picha hazitulii na herufi ni ndogo, lakini mingine nimeweza kuisoma. Sijaona Sumbawanga. Siku ikionekana, watapita Wamarekani maelfu mbele ya kijana huyo, watasoma beji, watajaribu kuitamka, watatabasamu, watauliza kama ni karibu na Serengeti. Hakuna atakayesogeza kiti. Mpaka apite Mtanzania.